Wageni wa Sigowet Waliokuja Siku Moja Mapema

Asubuhi ile ya Ijumaa, Agosti 1990, niliamshwa na redio. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameiweka jikoni karibu na moto, na sauti ilisikika mpaka zizini. Jeshi la Iraki lilikuwa limeingia Kuweti. Mtangazaji alisema mataifa makubwa yamekasirika na bei ya mafuta imeanza kupanda. Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai bila kunywa. Mama alimwomba asogee, apate kufikia sufuria.

Sisi wengine tulikuwa na habari yetu. Kesho yake watu wa kutoka Sigowet wangekuja kumposa dada yangu. Kwetu shughuli hiyo inaitwa koito: wazee wa pande mbili wanakaa pamoja, wanazungumza, na mwisho msichana anaitwa na kuulizwa mbele ya wote kama amekubali. Dada alikuwa na miaka ishirini na tatu, anafundisha watoto wa nasari. Mimi nilikuwa na kumi na nne, na kwa wiki nzima sikuwa nimeweza kumaliza chakula kwa furaha.

Kulikuwa na ile baridi ya Agosti ambayo ukitoa pumzi unaiona. Ukungu ulikuwa umelala juu ya majani ya chai mpaka barabarani. Mama na mimi tulivaa sweta mbilimbili tukaelekea Litein kuchukua mchele, sukari, mafuta ya kupikia na gauni la dada. Kwa mpango wetu, siku ilikuwa nyepesi. Kogo, yaani nyanya yetu mzaa baba, angechukuliwa kutoka kwake Boito kesho asubuhi kwa pikapu ya jirani. Kuku wangechinjwa jioni. Mursik, maziwa yetu ya mgando, yalikuwa tayari ndani ya vibuyu.

Litein hatukuikuta kama tulivyoizoea. Magari yalikuwa yamepanga foleni kutoka kituo cha petroli mpaka karibu na soko, na akina mama walikuwa wamekaa juu ya madebe wakingoja mafuta ya taa. Kila mtu alikuwa anaeleza vita. Mmoja alisema petroli yote ya dunia inatoka huko, mwingine akasema hata sabuni itakosekana. Mama alinunua vitu vyake bila kuchangia.

Tulipokuwa tunafunga mchele kwenye gunia, mwenye duka la jumla alitoka nyuma mbiombio. Alikuwa mmoja wa watu wachache mjini wenye simu.

"Mama Mwalimu," alisema, "wageni wako wamepiga. Wanakuja leo."

Mama alidhani hakusikia vizuri. Mwenye duka akaeleza pole pole. Mjomba wa kijana anayemposa dada alikuwa amepiga simu kutoka Kericho. Dereva wa lori lao alikuwa amesikia redio, akaogopa kwamba kesho petroli itakuwa imeisha. Leo tangi lilikuwa limejaa, kwa hiyo wangetoka Sigowet saa saba na kutufikia kama saa kumi. Mama aliuliza kama wanaweza kupigiwa tena. Akaambiwa simu imekatika na laini haishiki.

Ilikuwa saa nne na nusu. Watu arobaini walikuwa njiani kuja kwetu, au walikuwa karibu kuingia njiani, na kuku wetu walikuwa bado wanatembea.

Mama alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakifunga tena kwa nguvu. Halafu akaanza kutoa amri kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu. Jirani yetu mwenye pikapu alikuwa kwenye foleni ya petroli. Niende nimtoe pale, nipande naye mpaka Boito, nisirudi bila Kogo. Bila yeye hakuna mtu ambaye angefungua maneno upande wetu. Mama mwenyewe angechukua gauni na kurudi na vitu kwa trekta la chai lililokuwa linapita kwetu.

Nilimfuata kwanza mpaka kwa fundi wa nguo, nisaidie kubeba. Fundi alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwani, amekodi veranda karibu na soko. Gauni lilikuwa limening'inia ukutani, la rangi ya samawati, zuri kabisa, na halikuwa na mikono.

"Uliniambia kesho," alisema fundi.

"Nilikuambia kesho," Mama alikubali. "Na kesho imekuwa leo."

Fundi alilitazama gauni, akamtazama Mama. Akachomoa sindano, akazungusha uzi kwenye kidole, akafunga veranda. Alisema hajawahi kumpeleka bibi harusi mikono wazi kwenye baridi, na hataanza siku hiyo. Niliwaacha wakipanda kwenye trekta, fundi amelikumbatia gauni kama mtoto mchanga.

Jirani hakubishana. Alitoka kwenye foleni huku wenzake wakimwambia atajuta, tukaondoka. Nilikaa mbele, mikono imekazana magotini, nikiogopa na kufurahi kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kupewa kazi kubwa namna ile. Kabla ya kufika Boito mvua ya mawe ikatukuta, ikapiga paa la gari mpaka hatukusikilizana, na kwenye mteremko magurudumu yakazama matopeni. Nilishuka nikasukuma peke yangu, viatu vikabaki chini. Halafu wachuma chai waliokuwa wamejikinga chini ya mti walikuja, wanane au tisa, na aproni zao za plastiki bado kiunoni. Nilipowaambia tunaenda kumleta nyanya wa koito, walicheka wakasukuma wakiimba. Gari lilitoka mara moja.

Kogo alikuwa jikoni kwake anaota moto. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: wageni, petroli, Iraki. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja tu.

"Hiyo vita iko wapi?"

"Mbali sana, Kogo. Kwa Waarabu."

"Ile ya kaka yangu pia ilikuwa mbali," alisema.

Nilijua kidogo habari za huyo kaka. Wazungu walimchukua akiwa kijana, wakampeleka kwenye vita vya ng'ambo, na hakurudi. Kogo alisimama, akajifunga shuka lake zuri, akachukua fimbo na chupa ndogo ya siagi ya ng'ombe, akaniambia nizime moto. Ndani ya gari alinishika mkono mpaka tukafika nyumbani. Mimi nilitetemeka kwa baridi ya nguo zilizolowa, yeye hakutetemeka hata kidogo.

Nyumbani palikuwa na moshi kila upande. Majirani wote walikuwa wamekuja bila kuitwa, huyu anamenya viazi, yule ananyonyoa kuku. Baba alikuwa anapanga viti vya shule kwenye nyasi, amevaa tai na gambuti. Chumbani, fundi alikuwa anashona mkono wa pili juu ya mwili wa dada, na dada amesimama kama mlingoti. Ndipo tukasikia lori likipanda kilima, na juu yake watu wanaimba wimbo wa kanisa.

Fundi alikata uzi kwa meno.

Wazee walizungumza kwa saa mbili na zaidi. Baba wa kijana alikuwa mkulima mkimya, na niliona yeye na Baba wakiinamiana mara kwa mara. Nilidhani wanajadili jambo zito la posa. Baadaye Baba alikiri walikuwa wanaulizana Kuweti iko upande gani wa Saudia.

Dada alipoitwa, Kogo alimuuliza kama anawajua watu hawa. Dada alitazama chini, akanyoosha mkono wa gauni. Kisha akainua uso.

"Nawajua, Kogo. Na nimekubali."

Kogo aliwapaka wageni siagi ya baraka kwenye paji la uso, mmoja mmoja, na kijana alipofikiwa alimshika kidevu akamtazama kabla ya kumpaka.

Usiku huo barabara ilikuwa matope matupu, hivyo wageni walilala kwetu na kwa majirani. Asubuhi dereva alirudi kutoka Litein na habari kwamba foleni imeisha na petroli ipo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, halafu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka tena, wakabaki mpaka chakula cha mchana. Tukachinja kuku wengine.

Mimi na dada tuliosha masufuria nje, maji baridi kama barafu, vidole vimekufa ganzi. Nilimuuliza kama hakukasirika kwa kuharakishwa vile, siku yake kubwa kufanywa mbiombio. Aliendelea kusugua sufuria.

"Wangekuja leo," alisema, "ningekuwa na usiku mmoja zaidi wa kuogopa."