Pampu za Dada na Riba ya Washington

Benki kuu ya Marekani ilipoanza kupandisha riba, mume wangu nami tulikuwa tumeipenda nyumba moja iliyokuwa ikiuzwa Woodbury, viungani mwa jiji. Tulikuwa tukiishi katika nyumba ya kupanga Hopkins, kiunga kingine, na mimi ni muuguzi katika hospitali moja ya Minneapolis. Wakala wa mikopo alitupigia hesabu upya. Bei ya nyumba ilikuwa ile ile, lakini malipo ya mkopo ya kila mwezi yalikuwa yamepanda mno. Tukajitoa. 

Wiki hiyo hiyo dada yangu mkubwa alinipigia kutoka Nakuru. Anauza pampu za maji. Huziagiza China na kulipa kwa dola.

"Benki inaniambia nisubiri dola," alisema. "Nikizipata, bei ni moto. Nyinyi huko mna raha."

"Raha gani, dada? Nyumba imetuponyoka."

"Kwa nini?"

"Riba ya benki kuu ya huku. Ndiyo hiyo hiyo inayokukosesha dola."

Nikamweleza nilivyoelewa: wenye fedha zao duniani walikuwa wakizihamishia Marekani kufuata riba nono, na kila aliyehamisha alihitaji dola. Ndiyo maana shilingi ilikuwa ikishuka.

"Sasa mimi na pampu zangu tumewakosea nini?" akauliza.

Shilingi ilizidi kushuka hadi mwaka uliofuata. Dada aliogopa, akaniomba nimtumie dola alipie shehena kubwa kabla mambo hayajaharibika zaidi. Mume wangu alikubali kwa shingo upande. Zilikuwa fedha tulizoweka kwa ajili ya nyumba, na tulikubaliana aturudishie kwa shilingi, kwa kiwango cha siku hiyo.

Pampu zikiwa bado melini, shilingi ikaimarika ghafla. Wafanyabiashara wenzake walioagiza baadaye wakauza kwa bei ya chini kuliko ile aliyonunulia yeye. Alinipigia akilia. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko hospitalini, chakula mbele yangu. Nilikuwa na hasira, na hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Hakufunga duka. Aliwapa wakulima pampu kwa mkopo, wakawa wanalipa baada ya mavuno. Faida hakuiona, ila pampu zote ziliisha, na fedha zetu akaturudishia polepole.

Bado tunaishi katika nyumba ya kupanga Hopkins. Siku hizi dada hufuatilia mikutano ya benki kuu kuliko mimi ninayeishi huku. Majuzi nikivaa sare ya kazi, ujumbe wake uliingia: "Wamepunguza riba. Umesikia?"

Sikuwa nimesikia.