Kidonda cha Mtasema na Wageni Wake

Asubuhi moja naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu. Ilikuwa harufu ya mafuta ya taa, tumbaku na majivu ya vifuu, na chini ya hayo yote harufu ya nyama inayoharibika. Vyote hivyo vilikuwa juu ya mbwa mmoja, barazani kwangu, Utange, na aliyevipaka ni mimi. Leo mimi ni bibi wa watu, meno yangu unaweza kuyahesabu bila kuvaa miwani, lakini harufu ile nikiikumbuka bado naona haya. Nimesikia umemrudisha mgonjwa wako nyumbani baada ya kupasuliwa, na juzi nikipita niliona viatu vya wageni vimejaa mlangoni pako. Ndiyo maana nakueleza.

Vita vya Wazungu vilikuwa havijaisha. Nilikuwa nimeolewa mwaka wa pili, bado najifunza tabia za watu wa upande ule. Mume wangu Kahindi alikuwa akipakua meli bandarini. Siku za kazi alilala huko huko kisiwani, na Jumamosi jioni ndipo nilipoisikia kengele ya baiskeli yake njiani. Nyumbani tulibaki mimi, shamba la mihogo, na Mtasema.

Mtasema alikuwa mbwa wa marehemu baba mkwe wangu. Mzee alimpa jina hilo kwa sababu ya majirani waliopenda kumsengenya, ili kila akimwita mbwa wake nao wapate ujumbe wao. Alikuwa mwekundu, sikio moja limechanika, hana maringo. Kahindi alimpenda kwa namna ambayo wanaume hawaisemi. Akirudi kutoka kazini alimsalimu mbwa kwanza, kisha mimi, na mwanzoni jambo hilo liliniudhi sana.

Mwaka ule chakula kilikuwa cha shida. Unga dukani ulikuwa wa kupimiwa, na siku nyingine ulirudi na kikapu chako kama ulivyokwenda. Kilichotuweka hai ni mihogo, na nguruwe mwitu waliijua mihogo yetu safu kwa safu. Aliyesimama kati yao na sisi ni Mtasema. Wakaja alfajiri moja ya Jumapili, akawafukuza mbio, na mmoja akageuka akampasua ubavu kwa pembe la mdomoni. Nilipomfikia utumbo ulikuwa unachungulia.

Kahindi alimzungushia kitambaa cha merikani, akamlaza katika tenga nyuma ya baiskeli, akaikokota mpaka Kisauni, ambako daktari wa ng'ombe wa serikali alikuwa amepiga kambi ya kuchanja. Mimi nilifuata nyuma nimelishika tenga. Daktari hakuuliza kwa nini tumemletea mbwa. Alimlaza juu ya meza ya mbao, akamwosha, akarudisha vilivyotoka, akashona ndani, akashona na nje. Kisha akauliza nani anayeshinda nyumbani, na akanigeukia mimi.

"Asilowe, asiruke, asijilambe," akasema. "Pembeni mwa nyuzi msafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemka yakapoa. Usimpake kitu kingine. Siku ya kumi na mbili nitapita kutoa nyuzi."

Nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Nilisema mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa na nia njema.

Ili asijilambe, Kahindi alichukua kikapu cha ukindu kilichochoka, akakitoboa chini, akamvisha shingoni na kukifunga kwa kamba. Mtasema alikaa barazani kama bibi harusi aliyenuna. Jioni ile ile Kahindi akarudi kazini. Kabla ya kupanda baiskeli alinitazama muda mrefu, akasema, "Nimekuachia."

Sasa ndipo nilipokosea, mwanangu, na sikukosea kwa uvivu. Ningekuwa mvivu mbwa yule angepona mapema zaidi. Nilikosea kwa adabu.

Unajua desturi yetu. Mgonjwa hujuliwa hali, na anayekuja kumjulia haji mikono mitupu. Mtasema alikuwa amewalindia mihogo hata majirani, kwa hiyo watu walikuja. Wa kwanza alikuwa shangazi yake Kahindi, Shangazi Mbeyu, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa. Alikuja Jumatatu na majivu ya vifuu yaliyokorogwa kwa mafuta ya nazi. Nikamwambia daktari kakataza? Sikumwambia. Mimi mke mgeni, yeye shangazi wa mume wangu, ningeanzia wapi? Nilipokea kwa mikono miwili, nikapiga goti, nikampaka mbwa mbele yake ili aone kwamba nimethamini. Shangazi akaondoka akinisifu njia nzima, na mimi sifa zile zililala na mimi usiku kucha.

Ukishampaka mmoja dawa yake, wa pili utamwambia nini? Jumanne yalikuja mafuta ya taa ya kufukuzia inzi. Jumatano ilikuja tumbaku iliyotafunwa, na mchana wake majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Kila mmoja alikuwa na mjomba aliyepona kwa dawa ile. Alhamisi mwanamke mmoja akacheka kikapu cha shingoni, akasema namfunga mnyama kama mwizi, na kwamba mate ya mbwa ndiyo dawa yake aliyopewa na Mungu. Nikakivua kikapu. Nilikivua kwa sababu ya kicheko tu, mwanangu, wala si kwa sababu niliamini. Mtasema akajilamba mchana kutwa, na jioni nyuzi mbili zilikuwa zimekatika.

Ijumaa hakula. Ubavu ulivimba, ukawa moto. Nguruwe nao walikuwa wamekwisha kujua kwamba hakuna wa kuwabwekea, wakafukua safu mbili nzima za mihogo. Nilikaa kizingitini nikilia, nikiwaza kengele ya baiskeli ya kesho yake na lile neno, nimekuachia.

Jumamosi asubuhi alikuja Mzee Athmani. Shamba lake lilipakana na letu. Alikuwa Mwislamu wa ukoo wa zamani, mtu wa kuswali na kunyamaza, na kwa sababu ya mbwa hakupata hata siku moja kupanda barazani kwetu. Siku zote alisimama njiani, akabisha hodi, tukasalimiana kwa mbali. Siku hiyo alisimama njiani kama kawaida, kisha nikamwona anainua uso, ananusa.

"Kadzo!"

"Abee, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ni nini hiyo?"

Nikamweleza. Akavua makubazi yake akapanda barazani, akachuchumaa mbele ya Mtasema, akamtazama kwa utulivu. Mbwa alijaribu kutikisa mkia, akashindwa.

"Hebu nambia," akasema, "yuwaumwa na kidonda huyu, au yuwaumwa na wageni?"

Nikampungia mbwa inzi kwa pindo la leso.

"Daktari alisemaje?"

Nikayataja yote, neno kwa neno. Sikusahau hata moja.

"Na haya mengine alisema nani?"

Nikainama. Nikamwambia nimeona haya kuwakatalia wakubwa, kwamba nilitaka watu waseme mke wa Kahindi ana adabu.

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha! "Mwanangu," akasema, "wao umewapa adabu zako zote. Huyu umempa nini? Teleka maji, tia chumvi."

Maji yalipochemka na kupoa, nikaona anakunja mikono ya kanzu. Nikaogopa. Nilijua vizuri mate ya mbwa ni nini kwa mtu kama yeye. Nikamwambia, "Baba, utatiwa najisi kwa ajili yetu, acha nijaribu peke yangu."

"Peke yako atakuuma," akasema. "Maji yako kisimani na udongo uko shambani. Ntaosha mara saba kama nlivyofunzwa, na adhuhuri itanikuta safi, inshallah. Huyu akifa leo, wallahi hakuna maji yatakayomrudisha."

Akakishika kichwa cha Mtasema kwa mikono miwili, akikisemesha polepole, nami nikaosha. Niliosha majivu, nikaosha tumbaku, nikaosha kila kitu nilichokuwa nimekipokea kwa kupiga goti. Penye nyuzi zilizokatika usaha ulitoka mwingi. Nilitaka kupaziba kwa kitambaa, akanikataza, akasema uchafu uachiwe njia ya kutokea mpaka daktari aje. Tukamvisha kikapu chake. Mzee akaenda kisimani, nikamwona kwa mbali akisugua mikono kwa udongo, bila haraka, kama mtu aliyekuwa na mpango huo tangu alfajiri.

Aliporudi alisimama njiani, mahali pake pa siku zote. Nikamuuliza, "Na wageni wakija tena, baba, niwafukuze?"

"Uwafukuze watu waliokuja kwa mapenzi?" akasema. "Wape kazi. Kuna kuni za kupasua, maji ya kuteka, inzi wa kupepea. Mwenye kuja kusaidia hutaka kuona mkono wake umefaa, ndiyo maana waja na dawa. Lakini waambie ukweli kwanza."

Haikuchukua saa moja, Shangazi Mbeyu huyo, na kibakuli kipya. Nikapiga goti vilevile nilivyozoea, nikasema, "Shangazi, asante, lakini sitampaka. Daktari alikataza tangu siku ya kwanza, nami nilikosa kwa kutokukwambia. Kosa ni langu."

Uso ulimbadilika. "Kumbe dawa yangu ndiyo iliyomwoza!"

"Aliyemwoza ni mimi. Dawa yako ilitaka kidonda kingine." Nikamnyooshea kipepeo cha ukili, kile cha kupepea kwa mkono. "Nina shida moja, Shangazi. Inzi. Nikiingia jikoni wanamjaa, na sina mtu."

Alikipokea kipepeo kile. Nilidhani atanitupia. Kisha akakaa kwenye mkeka, akaguna, akasema wasichana wa siku hizi wana maneno, na akaanza kupepea. Alipepea mpaka alasiri. Mwanamke wa tumbaku alipotokea njiani na furushi lake, kabla sijafungua mdomo nilisikia sauti ya Shangazi: "Mgonjwa hapakwi kitu! Kama una nguvu, kapasue kuni!" Nikakimbilia jikoni kwa kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki nzima.

Kahindi alipofika jioni sikumngoja aulize. Nilimwambia yote, mimi mwenyewe, na kikapu nilichokivua nikakitaja. Akachuchumaa kando ya mbwa, akaikaza kamba ya kikapu chake. Mwishowe akasema, "Kesho nitamfuata daktari." Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikaushika.

Daktari alikuja Jumatatu. Alinitazama mimi kabla ya kumtazama mbwa, nami nikajua amekwisha kuelezwa. Alitoa nyuzi zilizoharibika, akapaacha wazi pale chini, akaniachia unga mweupe wa kunyunyizia na maneno yale yale ya mwanzo. Maji ya chumvi asubuhi na jioni. Nyama ilijijaza yenyewe kutoka ndani, pole pole, mwezi mzima ukaisha. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutofanya kitu, na sijapata kufanya kazi ngumu kama hiyo. Mtasema alipona, akabaki na shimo ubavuni la kuingia kidole gumba, na nguruwe wakamsikia tena.

Vita vikaisha. Miaka miwili mitatu ikapita, Mzee Athmani akapasuliwa ngiri katika hospitali ya kisiwani, akarudishwa nyumbani. Nilipopata habari nilishika njia mara ile ile. Nilikuwa nimebeba nini katika pindo la leso? Asali, na mzizi mmoja uliosifiwa sana. Usinicheke! Mapenzi yakikushika hukumbuki ulilofundishwa.

Mlangoni kwake ndipo nilipokumbuka. Nilisimama, nikalifunga pindo vizuri, nikabisha hodi. Mkewe, Bi Mwanaisha, akanikaribisha. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamwambia, "Daktari amesemaje? Na mimi nifanye kazi gani?" Mama wa watu akakaa chini akalia. Alisema nyumba imejaa dawa siku nne, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza maneno hayo.

Nikafagia ua, nikateka maji, na nilipomaliza nikakaa karibu na mlango wa chumba nikiwa na kipepeo. Mzee akafumbua macho.

"Umekuja na nini, Kadzo?"

"Nimekuja kupepea, baba."

Akaanza kucheka, akashika tumbo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, mwanangu, nyuzi zitakatika!" Kisha akatulia, akanitazama, akauliza, "Kikapu cha shingoni hukuniletea?"

Alipona, akaishi miaka mingi.

Basi mwanangu, neno langu ni hili. Mgonjwa aliyeshonwa, awe mtu au mbwa, ana mtu mmoja aliyekabidhiwa, na nyumbani kwako mtu huyo ni wewe. Aliyosema daktari wake yashike hata ukionekana huna adabu. Wageni wako waambie ukweli siku ya kwanza, maana siku ya nne kuusema kutakuwa kugumu zaidi, kisha wape kazi, wasirudi wakijiona hawakufaa. Ukikosea, usifiche. Osha, uanze tena. Na siku ambayo mgonjwa ni wa mwenzako, acha mizizi yako nyumbani, uulize kwanza.

Mungu amfunge jeraha mgonjwa wako kutoka ndani, akupe wewe subira ya kulitazama bila kuligusa, na watakaokuja kwako leo awape mikono ya kazi. Nami nakuja kesho asubuhi. Niwekee kipepeo.