Niliuita utani, mwanafunzi wangu akarudi Katumba

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, hapa Mpanda, na baadhi ya wahusika huenda wamo humu wanasoma. Shule siitaji na majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Kwa karibu wiki mbili nilikuwa silali vizuri kwa sababu ya swali moja: ni mimi niliyemfukuza yule binti shuleni, au alikuwa anaondoka tu na mimi najipa umuhimu?

Mtu mwingine angejiuliza mara moja akaendelea na maisha. Mimi naweza kuandika meseji ya "sawa" nikaifuta mara nne, nikihofia itaonekana nimenuna. Kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni binti wa Kasokola. Baba Mfipa, mama Mbende. Nina degree ya ualimu, ajira bado, kwa hiyo najitolea kufundisha Historia kwenye sekondari moja ya hapa mjini. Pia nilipewa kusimamia mdahalo wa kila Ijumaa mchana, kwa sababu walimu wenye ajira hawautaki.

Mada ya wiki ile niliichagua mwenyewe: "Ubaguzi wa rangi mashuleni hautuhusu sisi."

Nilikuwa nimeona video ya wanafunzi wa Marekani wakijadili kitu wanachokiita privilege, yaani ile ahueni ambayo mtu anazaliwa nayo na wala haioni. Nikaona wanafunzi wangu nao wanaweza.

Wa kwanza kupinga alikuwa kijana wa Kidato cha Tatu, nitamwita Masanja. Msukuma, familia yao ni wafugaji waliohamia huku na ng'ombe wao. Akasema, "Madam, kitu cheupe pekee hapa shuleni ni chaki. Sasa tunamjadili nani?"

Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Masanja ni mchekeshaji kweli.

Nikasema tutoke nje, kwenye uwanja wa netiboli, tufanye zoezi nililoliona kwenye ile video. Mnasimama wote mstari mmoja. Mwalimu anasema jambo, na kama ni kweli kwako, unapiga hatua mbele.

Kabla hatujaanza niliwaahidi kwamba hakuna atakayechekwa. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Kama nyumbani kwenu kuna mtu aliyemaliza Kidato cha Nne, hatua mbele.

Kama hujawahi kukosa shule kwa sababu ya kazi za nyumbani, hatua mbele.

Masanja alibaki nyuma kwenye mengi. Alisoma shule za msingi tatu tofauti, kila ng'ombe wakifuata majani na yeye anahamishwa. Hilo nalitaja kwa sababu sitaki mumchukue kama mtoto mbaya. Si mbaya.

La mwisho nililitunga mwenyewe pale pale: "Kama hujawahi kuambiwa kwamba hapa siyo kwenu, hatua mbele."

Karibu wote wakasogea. Mimi kimoyomoyo nikasogea pia. Sijawahi kuulizwa na mtu nimefikaje Kasokola.

Masanja akabaki, akasema yeye ameshaambiwa na kila mkulima mwenye shamba la mahindi. Watu wakacheka.

Na Odeta akabaki.

Odeta, jina nililompa hapa, ndiye msemaji bora niliyewahi kumsimamia. Alikuwa amepanga chumba na binamu yake hapa mjini, na shuleni kila mtu alijua ni Muha wa Kasulu. Alisema hivyo mwenyewe siku ya kwanza, na lafudhi yake haikumshtua mtu.

Masanja akamgeukia. "Sasa nani amwambie Muha kwamba hapa siyo kwao?"

Odeta hakujibu. Masanja akamwangalia tena, halafu akang'amua. "Kumbe wewe ni wa Katumba? Ungesema mapema, tungekuandalia hema."

Kwa wasio wa huku: Katumba ni makazi waliyopewa Warundi waliokimbia kwao miaka ya sabini. Wengi sasa ni raia, na Kirundi chao kinafanana na Kiha, ndiyo maana Odeta aliweza kujiita Muha. Odeta amezaliwa huku, mama yake amezaliwa huku. Kambi ya mahema hajawahi hata kuiona.

Uwanja mzima ulicheka. Wakuu, na mimi nikacheka. Ilikuwa kicheko kifupi, kile cha mtu asiyejua afanye nini. Halafu nikasema, "Haya, utani basi, tuendelee."

Neno hilo ndilo lililonikosesha usingizi.

Mnajua sisi na utani. Mfipa na Msukuma tunataniana mpaka msibani. Masanja huwa ananiuliza kama nimekuja shuleni kwa ungo, mimi namwambia akae mbali na dirisha, ananukia zizi. Hakuna anayekasirika, maana ni haki yetu tuliyorithi. Kwa hiyo mwalimu akishasema jambo ni utani, amelipatia kibali.

Na wanafunzi walikitumia. Wiki iliyofuata walikuwa wanamwomba Odeta kitambulisho mlangoni. Kwenye foleni ya chakula wanamwuliza kama amekuja na kadi ya mgao. Jumatano hakuja. Alhamisi binamu yake akaniambia amefunga mizigo, amerudi nyumbani, anasema shule basi.

Nilienda kwa mkuu wa shule. Alinisikiliza vizuri, halafu akasema nchi hii haina ukabila, mambo ya uraia ni mazito kwa mwalimu wa kujitolea, na utani wa watoto nisiugeuze kesi. Akaongeza kwa upole kwamba bado hajaniandikia ile barua ya kunitambulisha kwenye maombi ya ajira.

Nikatoka nikijiambia mzee ana busara. Nilipofika getini nikajiambia mimi ni mwoga. Nilipofika nyumbani nikawa na hoja saba za kila upande. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi nikachukua bodaboda mpaka Katumba kabla sijabadili mawazo.

Niliwakuta Odeta na mama yake wanafunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, tayari kuyapandisha kwenye bani, lile banda la kukaushia. Mama alinikaribisha kwa heshima zote, akanipa kigoda. Odeta alinisalimia, "Shikamoo Madam," akaendelea kufunga.

Nikaanza maelezo niliyoyaandaa njia nzima. Kwamba sikukusudia. Kwamba zoezi lilitoka kwenye video. Kwamba Masanja naye anataniwa sana, na labda hakujua.

Odeta aliniacha nimalize. Halafu akasema, bila kupandisha sauti:

"Madam, utani ni wa watu wawili. Masanja akikuita mchawi, unamwambia ananukia zizi, mnacheka. Mimi nikimjibu ananiambia nirudi kwetu. Na kwetu ni hapa. Sasa nirudi wapi?"

Akachukua jani lingine, akalifunga.

"Halafu na wewe ulicheka."

Nikaanza kuomba msamaha. Niliomba kweli, machozi yakinilenga. Mama yake akaweka kijiti chini.

"Mwalimu, nisamehe mwanangu, mimi sikusoma," alisema. "Lakini umemkosea uwanjani mbele ya shule nzima. Mbona msamaha unauleta huku kwenye tumbaku?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza.

Nikamwuliza Odeta kama atarudi. Akasema hajui. Nikamwuliza mama, akasema uamuzi ni wa binti, yeye hatamsukuma mtoto aende akatukanwe. Nikaaga. Walinifungia mahindi mabichi niondoke nayo, jambo lililonifanya nijisikie vibaya zaidi.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Labda nibandike tangazo. Labda niongee na Masanja peke yake. Labda nisubiri barua iandikwe kwanza, halafu ndiyo niseme. Hili la mwisho lilinivutia kuliko yote, siwafichi.

Kilichonizuia ni hesabu ndogo ya siku. Kila siku ambayo Odeta yuko kwenye vijiti, kurudi kunakuwa kugumu zaidi. Barua yangu ingeweza kuchukua mwezi.

Ijumaa nikawatoa wanafunzi wote wa mdahalo, tukaenda uwanjani pale pale. Odeta hakuwepo. Mkuu wa shule alikuwa dirishani kwake, nilimwona.

Nikawaambia, "Wiki mbili zilizopita niliahidi hakuna atakayechekwa hapa. Odeta akaniamini, akasema ukweli. Akachekwa, na mimi nikacheka. Halafu nikauita utani. Haukuwa utani, ulikuwa ubaguzi, na mwalimu ndiye aliyeupa ruhusa. Namwomba msamaha mbele yenu kwa sababu kosa nililifanya mbele yenu."

 Nikawauliza kama kuna mwenye la kusema.

Masanja akanyoosha mkono. Nikajua atatoa kichekesho. Akasema, "Lakini Madam, mimi nilikuwa namtania kweli. Mbona mimi mnaniita mchunga ng'ombe kila siku na silii?"

Ni hoja. Nilikuwa nimeifikiria usiku na mchana, na bado iliniuma, maana ni kweli tunamwita hivyo.

Nikamwuliza, "Ukiitwa mchunga ng'ombe, unajibu nini?"

"Nawaambia nyie maziwa mnakunywa ya nani?" Watu wakacheka.

"Na Odeta alikujibu nini?"

Akafikiria. 

"Hakunijibu kitu."

"Angekujibu nini?"

Akakaa chini. Hakuna aliyecheka.

Tukarudi kwenye mada yetu ya ubaguzi wa rangi, na safari hii walijadili kweli. Binti mmoja alisema kumbe huhitaji mzungu ili mtu aambiwe hapa siyo kwako. Mwingine akabisha, akasema Katumba nao wanatubagua tukienda kwenye mnada wao. Walibishana mpaka kengele. Sikuwazima.

Mkuu wa shule aliniita. Akataka maelezo ya maandishi kwa nini nimerudia jambo aliloniambia niliache. Mimi ninayefuta meseji ya "sawa" mara nne niliandika ukurasa mmoja kwa mkupuo mmoja, sikufuta neno. Niliandika kilichotokea, nikaandika kwamba nimekosea na nimerekebisha, na kwamba naomba Odeta akirudi apokelewe bila adhabu ya utoro. Nikasaini.

Barua yangu mpaka leo sijapewa. Huenda nitapewa, huenda sitapewa.

Jumanne iliyofuata Odeta alikuja. Sijui nani alimfikishia habari, nadhani ni binamu yake. Hakunikumbatia, wala hakunishukuru, na sidhani kama namdai shukrani yoyote. Masanja alimfuata kwenye benchi wakaongea dakika chache, sikusogea kusikiliza.

Nilichojifunza, wakuu: nilidhani ahueni ya kuzaliwa ni ya wenye ngozi nyeupe au wenye magari. Kumbe mimi mwenyewe, binti wa Kasokola nisiye na ajira, ninayo. Naweza kutaniwa na nikajibu, na hakuna atakayeniuliza nirudi lini kwetu. Kabla hujasema "ni utani tu", angalia kama unayemtania ana jibu ambalo wewe utalipokea.

Walimu mliomo humu, hasa wa Katavi, Tabora na Kigoma: nyie mngefanyaje pale uwanjani? Na wale mliosoma mkificha kwenu ni wapi, semeni hapa kama mnaweza. Hata mkiona nimekosea kuurudisha mjadala mbele ya wote, niambieni, nitasoma kila comment.

Ila maelezo yangu ofisini siyafuti. Jana mkuu wa shule aliniambia naweza kuyachukua niyaandike upya, kwa maneno laini kidogo. Nikamwambia yabaki hivyo hivyo.