Kaburi Nililolijenga Golini

Wanaosema timu yetu ilikimbia uwanja wake wa zamani kwa sababu ya mizimu, wapuuzeni! Mizimu gani? Mzimu ni mimi. Uwanja ule niliuua kwa mikono hii, na aibu ni yangu.

Miaka ile ya sabini tulikusanywa kwenye kijiji kipya, upande wa Makere. Kulikuwa na kipande cha ardhi nyeusi, tambarare, nilichokitamani kwa maharage. Mwenyekiti wa kijiji akawapa wacheza mpira! Wanaume wazima, miguu kama mabua, wanakimbizana na mpira wa viraka, sisi wanawake tukilima milimani kama mbuzi. Na golikipa wao alikuwa mume wangu. Aliupenda uwanja ule kuliko ugali.

Basi asubuhi moja nikasomba mawe, nikayapanga golini mfano wa kaburi, eti naweka alama ya aliyelala pale, nikapiga yowe.

"Mnamkanyaga babu wa mume wangu! Mnampiga mateke kichwani!"

Mwenyekiti akaja anahema. "Mama Yusta, una hakika?"

"Kumbe wakwe zangu unawajua kuliko mimi?"

Wazee waliojua makaburi ya pale walikuwa wamehamishiwa Busunzu. Mume wangu alijua ni uongo, maana marehemu baba yake alimwonyesha yeye peke yake mahali babu alipolala, ng'ambo ya mto. Akanitazama, akainama. Angemuumbua mkewe mbele za watu? Hakuweza, masikini.

Timu ikapelekwa kwenye mteremko, mpira ukitoka unafuatwa bondeni. Wakachoka. Timu ikafa. Nami nikaambiwa kiwanja ni cha ukoo wetu, nikitunze.

Nikapanda maharage. Yakazaa, wee! Nikapika, mume wangu akasukuma sahani.

"Umesema babu yuko pale. Sasa nimle babu yangu?"

Jirani naye, "Asante mama, ya marehemu hatuli." Kwetu chakula kilichoota kaburini hakiliwi, na mimi, mjanja wa kijiji kizima, tamaa ilinisahaulisha! Mpumbavu mkubwa!

Halafu mama mkwe akaniamuru nipike pombe ya mtama nimmwagie babu. Nikapiga magoti, mimi niliyejivuna, nayanywesha mawe matupu. Ukoo mzima umesimama nyuma yangu. Mume wangu hakucheka. Afadhali angecheka!

Kisha akaugua, akafa. Ukoo ukasema alazwe karibu na babu yake. Nikafungua mdomo niseme pale hapana mtu. Nikayaona macho ya wakwe. Nikaufunga. Wakamzika kando ya mawe yangu, peke yake, na watu wake wote wako ng'ambo ya mto.

Msinionee huruma, siitaki. Ila wewe unayetaka kunyang'anya cha wenzako kwa kusingizia marehemu, nisikie! Aliye hai ukimdanganya, atakasirika, atahama, yataisha. Marehemu ukishamwita mahali, hatoki. Mpaka leo nikienda kupalilia kaburi la mume wangu, lazima nipalilie na lile lisilo na mtu. Wajukuu wangu wananisaidia, tena kwa adabu, wakimwita huyo asiyekuwepo babu.