Kidole cha Mama Mukwe

Siku yangu ya kwanza kazini katika mji wa Baraka, mkuu wa vifaa alinikabidhi ndoo ya maji ya sabuni. "Papa, mashine yako ni hii." Nilinuna kweli. Lakini mahema yale ya hospitali yalisimama kwa nguzo za mpira zilizojazwa upepo, na kipimo kinakuambia tu kwamba upepo unatoka. Unatokea wapi, utafute mwenyewe: unapaka povu, unatega sikio, unapitisha shavu lililolowa kwenye mishono mpaka usikie ubaridi. Juzi mjukuu wangu kanionyesha kwenye simu nyumba za upepo za kuishi huko angani. Nikamuuliza, huko nani anapitisha shavu?

Nilitumwa Kazimia, nikatumwa Misisi. Aibu yangu ni ya Baraka, msimu wa kipindupindu. Hema la wanawake lilianza kulegea, nguzo zikawainamia wagonjwa na serumu zao za mshipani. Nikakagua kila mshono isipokuwa kona moja. Pale alilala mama mukwe wangu. Kwetu mwanamume hamsogelei mama mukwe wala hasemi naye, sembuse kuinama juu ya kitanda chake, tena anaharisha!

"Papa, unaogopa nini? Tente iko inaanguka!" mkuu alifoka.

"Chef, pale siwezi kupita. Ni mama mukwe."

"Bagonjwa bafunikwe na tente juu ya mambo ya bukwe?"

Nikabaki nimeshika ndoo. Kwenda aibu, kutokwenda aibu. Mara mshale wa kipimo ukasimama, haushuki tena. Na mimi sijaziba kitu!

Muuguzi akaenda kwenye ile kona, akainua kitenge alichojifunika mgonjwa. Mama mukwe alikuwa amebana tundu kwa kidole gumba. Upepo ulikuwa ukimlilia sikioni tangu asubuhi, lakini angeniitaje?

"Umwambie ule muntu atoke kwanza," alisema kwa sauti ndogo.

Nikatoka. Kiraka alikibandika muuguzi, mimi fundi nikipiga kelele nje ya ukuta: "Kausha kwanza! Sasa gundi! Bonyeza!" Wagonjwa wenye nguvu walicheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Sasa nimestaafu, na bado nikikumbuka nainamisha kichwa. Mama mukwe alipona, akaishi miaka mingi. Kumshukuru kwa mdomo wangu sikuweza hata siku moja. Tukikutana njia ya soko, mimi nilikuwa nageukia pembeni, yeye akijifunika uso kwa kitenge, kama inavyotakiwa. Ila kidole gumba alikuwa akikiacha nje, nikione.