Picha Mbili za Mtu Mmoja

Juzi nilishuka basi Kabanga nikakuta vijana wakibandika picha za mgombea kwenye ukuta wa duka. Gundi yao ilikuwa uji mzito wa muhogo. Harufu ile iliniharibia siku, rafiki yangu, na ngoja nikuambie kwa nini.

Miaka ile ya wakimbizi, bibi yangu alimhifadhi mwanamke mmoja mshonaji, aliyevuka mpaka na mkasi, kanga mbili na picha ya mtawala wa kwao. Aliitundika sebuleni, juu ya mkeka aliolalia. Mtawala amevaa suti nyeupe, amempakata mtoto, uso laini kama wa padri mpya. Kila asubuhi mshonaji aliifuta kwa pindo la kanga, nami nikaamini anampenda mno.

Krismasi ilipokaribia tulibandika magazeti ukutani kwa uji wa muhogo kama kila nyumba, yale yaliyofungiwa sukari dukani, ili vumbi la udongo lisituangukie kwenye maharage. Mimi, msichana wa miaka tisa na kiherehere changu, nilichagua ukurasa wenye katuni: fisi mwenye kofia ya kijeshi na tumbo kubwa, akilamba mifupa. Nilicheka peke yangu.

Mshonaji hakucheka. "Ni yuleyule," aliniambia kwa sauti ya chini. "Huyu wa gazeti ndiye aliyetuulia waume zetu. Yule wa kwenye fremu ananilinda tu. Watu wake wako kambini, wanapita kuangalia nani bado anamheshimu. Bandua, mwanangu, leo hii."

Nikaitikia. Lakini uji ulishakauka, nami nilikuwa mvivu, tena nilimpenda fisi wangu. Nikasema kesho.

Kesho yake asubuhi, kabla sijashika kisu, wakaja wanaume wawili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Wakaomba maji, wakanywa taratibu. Mmoja aliisifu picha ya fremu. Mwenzake aliweka kidole kwenye meno ya fisi, akauliza kwa upole kabisa nani amebandika. Mshonaji alinitazama, akasema, "Ni mimi."

Waliaga vizuri. Ijumaa mshonaji alikwenda kambini kuchukua mgao wake wa unga, na hakurudi. Bibi alimuulizia wiki nzima, mwisho akasema maji yakimwagika hayazoleki, akarudi shambani.

Nyumba ile ilishaanguka, na fisi wangu amerudi kuwa udongo. Picha ya suti nyeupe ninayo mpaka leo, na mtawala bado anatabasamu. Mshonaji hakuwahi kupigwa picha, na sura yake siikumbuki tena.