Fundi Maganga na Breka ya Nyumba ya Mzee Marcel

Fundi Maganga hana adabu. Nalisema hilo mapema asije mtu akadhani namsifia. Anaingia chumbani kwako na mabuti ya mpira, hodi anaipiga akiwa ameshaketi, na ukimkaribisha chai anauliza kwanza umechemshia nini. Miaka kumi na moja alikuwa Rwamgasa akitengeneza mota za makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Alirudi Shinyanga bila dhahabu, bila kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, na mdomo huohuo.

Mimi ndiye niliyemwita. Nyumba tunayopanga ina vyumba sita, na soketi zote zinapita kwenye breka moja ya usalama, ile yenye kitufe cha kujaribia, ambayo kazi yake ni kukata umeme ukivuja kidogo tu, kabla haujaua mtu. Sasa ikawa inakata hovyo. Unairudisha, inakaa dakika kumi, inakata tena. Wapangaji wakaitisha kikao. Kilifunguliwa kwa sala, kama kawaida ya watu wanaotaka kumdhulumu mtu, na baada ya amina wakasema mchawi ni friji yangu. Niiuze au nihame mwisho wa mwezi. Friji hiyo ndiyo inayogandisha barafu za ubuyu ninazouza pale shuleni, na barafu hizo ndizo zinazotulisha mimi na mwanangu Noela. Nilitoka kikaoni nikampigia Maganga.

Maganga alipofika, Donatus dereva wa bajaji, mwenye sabufa inayotikisa masufuria yangu, akampa ushauri. Breka iondolewe, umeme uungwe dairekti, mambo yaishe.

Maganga akamtazama toka juu hadi chini. "Sanda unayo, au tuanze kuchanga?"

 Maganga akachomoa kila kitu nyumba nzima, akabana mita yake kwenye nyaya pale kwenye breka, akaniambia nichomeke friji peke yake. Akasoma namba, akasema kwa sauti ya kufika barabarani, "Inavuja."

Mama Januari wa chumba cha pili akapiga makofi. Nami nilimchukia Maganga kwa moyo wote. Nimwite mimi, chai nimpe mimi, halafu anichome mbele za watu.

"Inavuja saba," akaendelea. "Breka hii inakata ikifika kama ishirini na tano. Haya, mliobaki, leteni vyenu."

Birika la umeme la Mama Januari likavuja sita. Sabufa ya Donatus tano. Ikaja zamu ya Mzee Marcel mwenye nyumba, anayekaa chumba cha mbele. Akachomeka hita yake ya maji ya kuoga, breka ikakata. Wote tukamgeukia. Mzee akasema yeye ni mzee wa kanisa.

"Hata kanisani umeme unavuja," Maganga akamjibu. "Rudieni, sasa mzee awe wa kwanza, mayu wa friji awe wa mwisho." Mayu ni mama kwa Kisukuma; alimaanisha mimi.

Ikakata kwenye friji. Akaturudisha tena, Donatus akawa wa mwisho, ikakata kwenye sabufa. Kila mara alinaswa aliyechomeka mwisho.

"Hakuna chenye shoti hapa," akasema. "Kila mmoja anavujisha chake kidogo, vinajumlishwa kwenye breka moja. Mngemfukuza huyu mayu, ingetulia kidogo, halafu mtu anunue jagi la umeme, ianze upya. Mngefukuzana mpaka abaki mzee na hita yake."

Akaamuru nyumba igawanywe, breka mbili za usalama, vyumba vitatu kila moja, na hita ya mzee, iliyovuja kuliko vyote, itupwe. Mzee Marcel akakubali kwa shingo upande, akatamka mwenyewe kwamba friji ibaki. Nikacheka, sikuficha. Nikamwambia Mama Januari sasa apige makofi vizuri.

Maganga akapita mlangoni kwa chumba namba nne. "Hapa mbona kufuli? Nao nataka niwapime."

"Alihama," Mama Januari akasema.

"Kwa nini?"

 Ikabidi nijibu mimi. "Tulimfukuza mwezi wa nne. Anaitwa Euphrasia, anashona nguo. Tulisema ni cherehani yake ya umeme."

"Breka ikaacha kukata?"

"Karibu mwezi mzima. Kisha ikaanza tena."

Nilingoja anitukane. Hakutukana. Aliinama akakunja nyaya zake, akaziweka kwenye begi, akaomba maji ya kunawa. Ningeona nafuu kama angetukana, maana kura ile ilipigwa kwa mikono, Euphrasia mwenyewe hayupo, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Barafu zangu zilikuwa zinayeyuka. Euphrasia alirudi Songwa kwa mama yake, nyumba ambayo haijaingizwa umeme, na cherehani ile haina pedeli.

Nikampigia palepale uani, maji bado yanachuruzika mikononi mwa Maganga. Alipokea haraka, sauti ina furaha ya kuona jina langu.

"Shikamoo, dada," akasema.

Nikashindwa kuitikia.